Thor wa Komiki na Thor wa Edda: Kipi Usome Kwanza?

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni. Leo nina vitabu viwili hapa mezani na nitavichambua pamoja, kwa sababu kimoja kimetoka tumboni mwa kingine. Hiki chenye jalada la rangi ni mkusanyo wa hadithi za mwanzo za Thor kutoka Marvel. Hiki kisicho na picha ni Edda ya Snorri Sturluson, iliyoandikwa Iceland kwenye miaka ya 1220; ni kitabu cha visasili vya kale vya Skandinavia, na humo Thor ni mungu wa radi. Mimi nasoma fasihi chuoni, mwaka wa pili, na tangu nivisome hivi viwili kwa kufuatana, nawatazama mashujaa kwa jicho jingine kabisa.

Tuanze na komiki. Thor anatokea katika toleo namba 83 la Journey into Mystery, Agosti 1962. Walioandika ni Stan Lee na mdogo wake Larry Lieber, mchoraji ni Jack Kirby. Kuna daktari wa Kimarekani, Donald Blake, anayechechemea. Yuko matembezini Norway, anakutana na viumbe wa mawe kutoka sayari ya Zohali, anakimbilia pangoni. Mle anaokota fimbo. Anaipiga kwenye mwamba, na papo hapo fimbo inageuka nyundo, yeye anageuka Thor. Ngoja niwasogezee ukurasa huu mwone. Kirby anajua kuchora uzito! Nyundo ikirushwa unaisikia. Kinachoniudhi ni viputo vya maneno: picha imeshakuonyesha jambo, halafu kiputo kinakusimulia jambo lile lile.

Sasa sikilizeni Edda. Thor anafika kwa Utgarda-Loki, mfalme wa majitu. Anapewa pembe anywe. Anavuta mara tatu, hamalizi. Anaambiwa ainue paka. Anafanikiwa kunyanyua mguu mmoja tu. Mwisho analetewa bibi kizee, Elli, wapigane mieleka, na huyu mungu mwenye nguvu kuliko wote anaangushwa mpaka anapiga goti moja. Kesho yake mfalme anamfunulia siri: ncha ya pembe ilikuwa baharini, yule paka ni joka linaloizunguka dunia, na yule bibi ni Uzee wenyewe.

Hapo nilifunga kitabu kwanza. Nilimkumbuka Fumo Liyongo. Mliosoma utendi alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913 mnajua: mwanawe wa kumzaa anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, Liyongo anajikokota hadi kisimani, anapiga goti, anauvuta upinde na kufa vile vile, na watu wa mji wanashindwa kuteka maji wakidhani yu hai. Iceland na pwani ya Waswahili wapi na wapi, lakini wasimuliaji wa pande zote mbili hawakuona haya kumpigisha goti mtu wao mkubwa.

Komiki yenyewe imefanyaje? Udhaifu wote imemtwisha Blake. Akiwa daktari anachechemea. Akiwa Thor hana dosari. Nyundo ikimtoka mkononi kwa zaidi ya sekunde 60, anarudi kuwa Blake. Kwa usimulizi ni ujanja mzuri, unakuweka roho juu kila anapoirusha. Ila mimi namtaka yule Thor anayeshindwa na bibi kizee akiwa na nguvu zake zote mwilini. Huyo ndiye ninayemwamini.

Kuna sehemu ambayo komiki imenikonga moyo kweli, inaitwa Tales of Asgard, yaani hadithi za Asgard, makao ya miungu. Ilianza toleo namba 97, Oktoba 1963, hadithi fupi za kurasa tano. Humo Lee na Kirby wanarudi kwenye visasili, kuanzia Ymir, jitu la barafu la mwanzo wa ulimwengu. Blake hayumo, New York haimo.

Kwa hiyo, kama una mdogo wako asiyependa kusoma, mpe Tales of Asgard kwanza. Zile kurasa tano hazimchoshi mtu. Akishanogewa, mpe Edda, mwambie aanzie safari ya kwa Utgarda-Loki, asianzie ukurasa wa kwanza, maana dibaji ni nzito. Komiki naipa saba kwa kumi. Edda naipa tisa, na ile moja nimeikata kwa msururu wa majina. Utendi wa Liyongo nauandalia video yake, kwa hiyo mwenye swali kuuhusu aniandikie hapo chini mapema.