Siti zimependeza, ila nusura zituunguze

Nianze na haki yake: kushona anajua. Gari ni Volkswagen Beetle la marehemu baba, na nililipeleka kwa fundi siti mmoja maeneo ya Ilala kipindi kile cha mvua. Paneli za milango zilikuwa zimevimba kwa unyevu, kule chini zimeoza kabisa, ukigusa zinamong'onyoka. Akakata plaiwudi nyembamba, akaivalisha reksini rangi ya maziwa, klipu zote zikaingia kwenye matundu yake bila kulazimishwa. Siku ile mngeniuliza, ningewaambia nendeni wote.

Sasa siti ya nyuma. Wenye Beetle mnajua betri inakaa chini ya siti hiyo, upande wa kulia, na juu yake ziko springi za chuma. Kiwandani waliweka mfuniko juu ya betri, halafu juu ya springi wakalaza pedi ngumu ya makumbi ya nazi yaliyoshikanishwa kwa mpira. Naam, makumbi haya haya ya kusokotea kamba. Ile pedi ndiyo inayogawa uzito wa mtu, springi zisididimie sehemu moja. Ya kwetu ilikuwa na alama za duara za springi zilizojichora kwa miaka yote ile, na mvua ikinyesha inatoa harufu ambayo kwangu ndiyo harufu ya baba.

Fundi kaitupa. Kaweka vipande vya sponji laini vilivyounganishwa kwa gundi. Na mfuniko wa betri hakuurudisha.

Jumapili moja nikampakia shangazi, akakaa nyuma kulia. Mwili wake si haba. Tuta la kwanza tukavuka. La pili, nikamsikia: "Baba, huku kuna kitu kinaungua." Nikasimamisha gari pembeni, nikamtoa, nikainua siti. Springi ilikuwa imegusa vichwa vya betri, imepiga shoti, chuma kimebadilika rangi na sponji imeanza kuyeyuka, inatoa moshi mweusi unaokaba koo. Nilikung'uta kwa kanga ya shangazi. Mikono ilinitetemeka mpaka nyumbani.

Nikarudi kwa fundi. Hata pole hakunipa. "Bosi, mimi nashona siti. Umeme peleka kwa fundi umeme." Nikamuuliza mfuniko uko wapi. "Kile kibati chenye kutu? Kilienda na takataka." Na makumbi? Akacheka, akaendelea na cherehani yake.

Nilitaka kuandika kwamba milango mpelekeeni, siti msimpelekee. Ingekuwa haki, maana ile milango kila nikiifungua naifurahia. Lakini kila nikikumbuka kile kicheko naona hapana. Mtu anayefungua gari la mwenzake, akakuta kitu asichokijua kazi yake, akakitupa bila kuuliza, msimpelekee hata zulia la kukanyagia.

Kwa sasa nimefunika betri kwa kipande cha mpira wa tairi na kukifunga kwa mkanda. Natafuta mfuniko wake halisi, na pedi ya makumbi, hata iliyotumika. Mwenye nayo anijulishe. Wewe mwenye Beetle uliyebadilisha siti karibuni, inua ya nyuma leo hii uangalie. Shangazi anakaa mbele.