Splink kwenye rejesta za watoto njiti: inafaa, ila si kwa mipangilio iliyokuja nayo

Ukitaka kujua kama mama alichomwa sindano za deksamethasoni (dawa ya kukomaza mapafu ya mtoto) kabla ya kujifungua, na kama mtoto wake njiti alitoka wodini akiwa hai, inabidi ufungue kumbukumbu mbili zisizojuana. Sindano ziliandikwa leba, kwenye faili la mama. Oksijeni, CPAP (mashine ya kusaidia kupumua), uzito wa kila siku na mama kangaruu (kumbeba mtoto kifuani) viko kwenye faili la mtoto, lenye namba nyingine na jina "Mtoto wa Neema". Splink ni programu ya kuunganisha kumbukumbu za namna hiyo. Imetengenezwa na Wizara ya Sheria ya Uingereza, ni ya bure, na inaendeshwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Hesabu zake za uwezekano ni zile za wanatakwimu Fellegi na Sunter za mwaka 1969.

Kwa timu ya utafiti Dodoma, ubora wake wa kwanza ni kwamba ukishaisakinisha haihitaji intaneti. Majina ya akina mama hayatoki kwenye laptop, na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hilo si jambo dogo. Kasi haitakusumbua: watengenezaji wanataja rekodi milioni moja kwa takriban dakika moja kwenye laptop ya kawaida, na hakuna leba ya mkoa inayokaribia idadi hiyo kwa mwaka.

Ubora wa pili ni kwamba inaonyesha hesabu zake. Tuseme leba ina vizazi 9,000 na wodi ya watoto wachanga ina rekodi 900, zote za mwaka mmoja. Ukioanisha kila rekodi ya leba na kila ya wodi, hizo ni jozi milioni 8.1, na zilizo sahihi haziwezi kuzidi 900, yaani moja kati ya 9,000. Jinsia ikilingana, uwezekano unapanda karibu mara 2 tu. Jina la kwanza la mama lililo kwa mmoja kati ya mia linaupandisha kama mara 90, na tarehe ya kuzaliwa kama mara 330. Zidisha zote, kisha gawa kwa 9,000: unapata 6.6 kwa 1, ambayo ni asilimia 87 hivi. Yaani jina, tarehe na jinsia vimelingana vyote, na bado jozi moja kati ya nane inaweza kuwa ya mtoto wa mtu mwingine! Uzito ukilingana ndani ya gramu 50 ndipo unapovuka asilimia 95. Mchoro wa kila jozi unaonyesha hatua hizo moja baada ya nyingine, na daktari asiyejua Python anaweza kuusoma na kubisha.

Shida inaanza kwenye majina. Kipimo cha Jaro-Winkler, kinachopima kufanana kwa maneno kuanzia 0 hadi 1, kinawapa Rehema na Lehema 0.89, kwa hiyo ukiweka kizingiti cha 0.9 mama mmoja anageuka wawili. Soundex, inayogeuza jina kuwa msimbo wa matamshi, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inashikilia herufi ya kwanza: Khadija anapata K320, Hadija H320. Dawa ni kusafisha kabla ya kuunganisha. Tengeneza safu ya pili ya jina ambayo r imekuwa l, kh imekuwa h, dh imekuwa z, na Ester amekuwa Esta. Safu ya asili usiifute. Pia linganisha majina matatu bila kujali mpangilio, kwa kuwa mama huyohuyo huandikwa kwa jina la baba yake leba na la mumewe wodini. Washa marekebisho ya majina ya kawaida, ili Neema kulingana na Neema kusihesabiwe sawa na Chilewa kulingana na Chilewa.

Muda nao una mtego wake. "Saa 2 usiku" ikiingizwa kama 02:00 badala ya 20:00, mtoto amerudishwa nyuma saa 18. Aliyezaliwa saa 5 usiku na kupokelewa wodini saa 7 usiku ana tarehe mbili halali. Ruhusu tofauti ya siku moja, kwenye ulinganisho na kwenye kanuni za kuchuja jozi pia. Wengi wanasahau hizo kanuni, na jozi isiyopita hapo hailinganishwi kabisa.

Uzito uweke wote kwa gramu, 1.4 na 1400 hukaa safu moja bila aibu. Mtoto wa rufaa kutoka Mpwapwa au Kondoa aliyepimwa siku ya tatu atakuwa amepungua, kwa hiyo usiuite huo uzito wa kuzaliwa. Wiki za ujauzito usizitumie pamoja na uzito: vinakwenda pamoja, na Splink itahesabu ushahidi uleule mara mbili.

Mapacha ndio mtihani wenyewe, na kati ya njiti ni wengi. Mama mmoja, tarehe moja, kijiji kimoja: watoto wawili wanaweza kutoa jozi nne zote zenye alama za juu. Ingiza safu ya "pacha wa kwanza" na "pacha wa pili", kisha zuia rekodi moja isitumike mara mbili. Alama zikikaribiana mno, faili zifunguliwe kwa mkono.

Programu haitakuambia nani amekosekana. Mtoto aliyefariki saa chache baada ya kuzaliwa ndiye mwenye kumbukumbu fupi kuliko wote, kwa hiyo ndiye rahisi kupotea, na wodi itaonekana inaokoa zaidi ya inavyookoa. Toa kiwango cha kuunganika kwa makundi: chini ya gramu 1,000, 1,000 hadi 1,499, na kuendelea, waliofariki na walioruhusiwa, waliozaliwa hapohapo na wa rufaa. Makundi yakipishana sana, usilinganishe vifo vya waliopata deksamethasoni na wasiopata mpaka ujue kwa nini.

Kwa timu yenye mtu mmoja anayejua Python na muuguzi mmoja anayezijua rejesta, Splink inatosha. Hakuna haja ya kununua leseni ya kitu kingine. Ukiwa na mmoja tu kati yao, anza na muuguzi.