Alinikatia chelezo bila kuniomba

Ngoja niseme, maana tangu siku ile nina donge. Ni pale penye mto wa samaki aina ya traut upande wa Usa River, karibu na Arusha, jina nalihifadhi. Nililipia nusu siku na mwalimu anifundishe kuvua kwa tunutu, yaani kile chambo cha nyuzi kinachoigiza mdudu wa majini asiyeota mabawa bado, kinachozama mpaka chini kwenye mawe. Kwa nzi wa bandia wa kuelea juu ya maji najimudu. Kwa tunutu, kila nikienda narudi mikono mitupu.

Kijana kaja amechelewa, simu sikioni, shikamoo hakuna. Nikarusha mara tatu. "Mzee, unavua au unaanika nguo?" Mbele ya mke wangu! Kisha akauvuta mshipi, akakata kwa meno chelezo changu, yaani kile kiboya cha mshipini kinachozama samaki akivuta, akakitia mfukoni. Kile cha rangi ya chungwa alichoniletea shemeji kutoka Uingereza. Hakuomba.

Niliyomwambia sitayaandika hapa. Yeye hakujali: rusha kuelekea mto unakotoka, mshipi uwe mfupi, inua ncha ya fimbo uyafuate maji, chambo kiteremke kwa mwendo wa mkondo, usikiburute. Nikakiburuta. Akaguna. Nikakiburuta tena, akaguna vibaya zaidi. (Na kuguna nako kumo kwenye bei?)

Simu ikamwita, akaondoka. Afadhali. Nikabaki na maji ya Meru, baridi yake imeshanipanda mpaka magotini. Nikarusha pale povu linapogawanyika nyuma ya jiwe, macho kwenye mshipi unapoingia majini. Ukasita. Haukuvutwa, ulisita tu, kama kifodi kinachotaka kusimama halafu kikaghairi. Nikainua fimbo, huyo! Traut mwenye ule mstari wa waridi ubavuni, ndoano imekaa pembeni mwa mdomo. Kumbe miaka yote nilikuwa nangoja chelezo kizame, na samaki ameshaonja, ameshatema, ameshakwenda zake.

Kwa hiyo kijana alikuwa sahihi. Inaniuma kuliandika hilo.

Nilikuwa nimeweka nyota moja. Nikafuta nikaweka nne, kwa furaha ya yule samaki. Sasa nimerudisha mbili, kwa sababu tulipofika getini nilimwomba kwa upole chelezo changu, akanitazama kwa mshangao kabisa.

"Cha nini tena, mzee?"