Gari liliingia likigonga miguu, likatoka likikwaruza breki

Nianze na haki yao, kwa sababu nikifika mbele sidhani kama nitakuwa na subira ya kuwatendea haki. Gereji hii ya Tabata, Dar es Salaam, ambayo jina lake ninalihifadhi, ilinitengenezea miguu ya mbele ya Toyota yangu, yaani vifaa vinavyounganisha magurudumu na bodi, kwa kiwango ambacho sikukitegemea. Walibadilisha bushi (mipira) za mikono ya chini inayoshika gurudumu, bolijointi (maungio yanayoruhusu gurudumu kukata kona) na shokapu zinazotuliza mtikisiko, kisha wakapima alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu, na usukani uliokuwa ukivuta kushoto tangu masika yalipoichimba barabara ya mtaani kwetu ukanyooka. Matuta yaliyokuwa yakinitia aibu mbele ya abiria niliyapita bila gari kugonga hata kidogo. Kwa kazi hiyo peke yake ningewapa nyota nne bila kusita.

Tatizo lilianza kabla sijafika nyumbani. Foleni ya Buguruni ilipokuwa ikisogea taratibu, nilishusha kioo nikasikia upande wa abiria mkwaruzo mwembamba wa chuma, kama mtu anayekwangua ukoko wa wali sufuriani, ukija na kupotea kwa kila mzunguko wa gurudumu. Nikikanyaga breki haukubadilika. Nikikata kona upande mmoja ulizidi, nikikata upande wa pili ulinyamaza kabisa. Ninaomba msomaji ayashike maelezo hayo, maana ndiyo niliyompelekea fundi mkuu niliporudi siku chache baadaye, na ndiyo aliyokataa kuyasikiliza.

Nilimkuta ameketi juu ya tairi, simu mkononi. Nilimsalimu, akaitikia bila kuinua macho, na kabla sijamaliza kueleza akakata shauri: "Mama, hizo ni pedi zimekwisha. Pedi na kuchonga diski, laki na themanini pamoja na ufundi." Pedi ni vile vipande vinavyoibana diski inayozunguka na gurudumu ili gari lisimame. Nikamwambia kwamba pedi hizo hazina muda mrefu tangu zifungwe, na kwamba gari halikuwa na sauti hiyo lilipoingia kwake. Ndipo akanijibu: "Basi mwambie baba aje, nitamwelewesha yeye." Gari ni langu, kadi ina jina langu, na pesa za bushi na shokapu nilimtumia mwenyewe kwa simu huku akinitazama. Vijana wake wakacheka. Niliondoka bila kuaga, jambo ambalo si kawaida yangu.

Tuiache adabu kando, tuutazame huo ufundi aliotaka kumwelewesha baba. Pedi iliyokwisha kwa kawaida hutoa mlio mkali kama filimbi, kutokana na kibati kidogo cha onyo kinachoanza kugusa diski, na ikiliwa hadi chuma, ukwaruzaji huzidi pale unapokanyaga breki. Sauti inayoendelea vilevile, ukikanyaga au usikanyage, na inayobadilika kwenye kona, haina sababu ya kuanza kutafutwa kwenye pedi, tena gari likiwa limetoka kufunguliwa miguu. Mtu angetarajia fundi aulize kwanza ni kitu gani kiliguswa siku ile. Kuinua gurudumu kwa jeki na kulizungusha kwa mkono hakuhitaji mashine wala umeme.

Hivyo ndivyo alivyofanya kijana mmoja wa jirani na kwetu, ambaye hana hata bango. Aliinua upande wa abiria, akazungusha gurudumu, akainamisha sikio, kisha akalifungua. Nyuma ya diski kuna bati jembamba la kukinga vumbi na mawe, na ukingo wake mmoja ulikuwa umekunjika ndani na kung'aa pale ulipokuwa ukisuguana na diski. Juu yake kidogo, kwenye chuma kinachoshikilia bolijointi, palikuwa na alama mbichi za nyundo. Waligonga kutoa bolijointi iliyong'ang'ania, nyundo ikateleza, bati likapinda, na hakuna aliyezungusha gurudumu kabla ya kushusha gari. Pedi aliniwekea kiganjani nizitazame mwenyewe, na bado zilikuwa nene. Bati alilinyoosha kwa bisibisi na mkono, akaomba elfu kumi.

Hadi hapo nilikuwa tayari kuwasamehe. Nyundo huteleza, na bati la kinga hupinda hata mikononi mwa fundi mzuri. Kwa makosa ya ufundi ningewapunguzia nyota moja, na kwa ile kauli ya "baba" nyingine moja. Ila yule kijana alipokuwa akirudishia aliniita nione bolti moja ya kalipa, kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, ikizunguka kwa vidole vyake, bila spana. Ilikuwa haijakazwa. Bolti hiyo ikidondoka njiani, kalipa inaweza kuning'inia na kugonga rimu, na mimi hushuka na gari hilo mteremko wa Kimara nikiwa na watoto nyuma. Mtu aliyeacha bolti ya breki ikicheza ndiye huyo aliyetaka laki na themanini kubadilisha pedi ambazo bado ni nzima, na ndiye aliyeona mwenye gari hafai kuelezwa.

Wapo watakaosema niwape miguu, na breki nizipeleke kwingine, na mwanzoni nami niliwaza hivyo, kwa sababu gari hadi leo linakwenda limenyooka na tairi zinalika sawasawa. Lakini kubadilisha shokapu za mbele za gari kama langu huanza kwa kufungua mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta ya breki, ulioshikizwa kwenye shokapu yenyewe; hakuna namna ya kuwaruhusu washike kimoja na kuwakataza kingine. Ninawapa nyota moja. Laki na themanini yangu imekaa, na elfu kumi ilikwenda kwa aliyenionyesha bolti.