Kombi ya kioo pacha au ya kioo kimoja?

Kombi ya kwanza ya Volkswagen, ya 1950, ilikuwa na injini nyuma, ya kupozwa kwa hewa, nguvu farasi 25 tu. Kioo chake cha mbele kimegawanyika katikati, na sura hiyo ndiyo inayowaliza watu hadi leo. Dereva alikaa juu ya magurudumu ya mbele, usukani umelala kama sinia, akipanda mlima polepole huku foleni nyuma ikimlaani. (Yeye alipiga mluzi.)

Ya pili ilikuja 1967: kioo kimoja kipana, mlango wa kuteleza. Brazil ilizidi kuiunda hadi 2013. Kwa safari ndefu nachukua hii. Ile ya kwanza nitaitazama tu. Bei yake sasa ni ya matajiri.