Kliniki ya uzazi wa mpango huku kusini Unguja: nyota nne, ya tano nimeizuia

Assalaam alaykum wanawake wenzangu, na wanaume pia someni maana yanawahusu. Naandika kuhusu huduma ya uzazi wa mpango kwenye kituo kimoja cha afya cha serikali huku kusini Unguja. Jina sikitaji, nna ya kusifu na nna ya kulalamika, na sitaki alienihudumia vizuri apate tabu kwa ajili yangu.

Nianze na uzuri. Ni bure, hulipi hata senti, sindano bure, kijiti cha mkononi bure, kitanzi cha kwenye kizazi bure. Na unakaa na mtu anakusikiliza khasa. Mkunga wa pale ni mtu mzima, anakwita mwanangu, anakupima presha, anakuuliza kama unanyonyesha, kama kichwa hukugonga upande mmoja, kama kwenu kuna mtu alieganda damu mguuni, ndo anakwambia kwa hali yako hichi kinafaa na hichi hakifai. Mie nilienda na mtoto wa ziwa nikivitaka vidonge vilevile alivyotumia wifi yangu, akaniambia hapana mwanangu, hivyo vinaweza kupunguza maziwa, mtoto bado mdogo, chukua vile vya wanaonyonyesha au tia kijiti. Tena hakunificha kitu, alinieleza damu itavurugika miezi ya mwanzo, inaweza kuja matone matone au ikakata kabisa, na ikikata haijai tumboni kama wanavyosema mtaani. Hili la damu kujaa tumbo nalirudia kusudi kwa sababu ndo linalowakimbiza wengi, mtu akikosa siku zake miezi miwili mashoga washamtia khofu kuwa ana uvimbe, anaenda kukitoa kijiti, mwezi wa tatu ana mimba na wa mgongoni hajaanza kutembea. Na sindano alinambia wazi kuwa ukiiacha uzazi unaweza kuchelewa kurudi, kwa hiyo kama unataka mtoto karibuni bora kijiti, ukikitoa tu mambo yanarudi.

Kijiti chenyewe wala hakitishi, ganzi kidogo mkononi, kinaingizwa chini ya ngozi, bendeji, umemaliza. Mlango unafungwa, husikii mtu wa foleni akichungulia.

Sasa nyota ya tano. Siku naenda kutia kijiti nilimkuta mwengine mezani, si yule mkunga, akaniangalia kadi akauliza, "Mumeo anajua?" Nikamwambia anajua, tulikaa tukazungumza. Akasema basi njoo nae au akuandikie barua. Bwana wangu mvuvi, yuko dago, kambi ya wavuvi, simu yenyewe haishiki huko, barua ataiandikia wapi na ataipitisha kwa nani? Nimekaa kwenye benchi na mtoto analia mpaka yule mkunga alipoingia akasema hamna utaratibu kama huo, akanihudumia. Nashkuru, lakini nikajiuliza asingetokea je? Ningerudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya fikra za mtu mmoja. Ukutani pale kuna picha ya mama ananyonyesha, kuna ya malaria, hapana hata karatasi moja inayosema mwanamke akija hapa ana haki ya nini na asiulizwe nini.

Hili nililisimulia kazini. Mie nafanya kazi hoteli, na kwenye spa tuna dada mmoja Mfilipino, kwao Manila. Kumbe wenzetu washapigana vita hivi zamani, na kwao wengi ni Wakatoliki. Mwaka 2000 meya wa Manila, Lito Atienza, alitoa amri ya kutilia nguvu njia za asili tu, kama kuhesabu siku, matokeo yake vituo vya afya vya jiji vikawa havitoi tena vidonge wala kondomu, maskini wa pale wakabaki hivyo hivyo wakati mwenye pesa ananunua dukani. Mswada wa afya ya uzazi, wa serikali kutoa njia za uzazi wa mpango, ulikaa bungeni zaidi ya miaka 10, maaskofu wanaupinga kila ukija. Ukapita Disemba 2012, Baraza lao la Wawakilishi kura 133 kwa 79, Seneti 13 kwa 8, rais Benigno Aquino akatia saini. Hata baada ya hapo haikwisha, kanisa kuu la Bacolod lilitundika bango kubwa la wagombea wa uchaguzi wa 2013, walioipinga sheria wakaitwa Timu Uhai, walioiunga mkono Timu Kifo. Loren Legarda alikuwa kwenye hiyo Timu Kifo na alishinda useneta.

Na watu wanaodhani sheria kama hii inafungulia kila kitu wasikilize, sheria ile inasema utoaji mimba unabaki marufuku, njia za asili zinatolewa pamoja na za kisasa, na hakuna anaelazimishwa. Mahakama yao ya juu kabisa iliisimamisha Machi 2013, Aprili 2014 ikasema inaendana na katiba, ila ikavifuta baadhi ya vifungu. Hapo mie sikubaliani nao kwa mengine. Kwa mfano mhudumu akikataa kwa sababu ya dini yake hawezi kulazimishwa hata kukuelekeza kwengine. Kukataa sawa, moyo wake, lakini kunielekeza tu mlango wa pili nako ni dhambi? Na kwenye mambo kama kufunga mirija walisema mke na mume wakubaliane kwanza isipokuwa ikiwa ni dharura. Hilo la mirija naweza kulielewa kidogo kwa vile kurudi nyuma ni shida, ila kijiti kinatolewa muda wowote, kwa hiyo asije mtu akalichukua la kule akalitia kwenye kijiti huku.

Sisi huku njia yetu ni nyepesi kuliko ya kwao, na ndo maana naumia. Kanisa Katoliki linakataza dawa na vifaa vya kuzuia mimba, na mwaka 1968 Papa alilisisitiza tena katazo hilo. Sisi tuna hadithi ya Jabir, sahaba wa Mtume, kuwa masahaba walikuwa wakifanya azl, yaani kumwaga nje, wakati Qur'ani inateremka na hawakukatazwa, na Qur'ani yenyewe imetaja miaka miwili ya kunyonyesha. Hukohuko Ufilipino masheikh wa Waislamu walitoa fatwa mwaka 2004 kuwa uzazi wa mpango unaruhusiwa madhali njia ni salama na haiendi kinyume na sharia, yaani Waislamu walifika miaka minane kabla ya bunge lao. Kwa hiyo ustadh wangu wa mtaani akisema kwenye darsa kuwa kijiti ni mpango wa makafiri namuomba kwa heshima azungumze na yule mkunga kwanza, anasali kama yeye.

Jengine la kulalamikia, sindano huisha. Unakwenda tarehe yako imefika unaambiwa rudi wiki ijayo, na mwili hausubiri wiki ijayo. Hili sheria peke yake haitibu, wenzetu sheria wanayo na bajeti ya mwaka 2016 ilikatwa peso bilioni 1 za dawa za uzazi wa mpango, na vijiti vilizuiliwa na mahakama tokea 2015 mpaka mwisho wa 2017. Nnachokitaka mie kwa wizara na kwa wawakilishi wetu ni maandishi mawili, moja ukutani linalosema barua ya mume haihitajiki, na jengine kwenye bajeti yenye fungu lisiloguswa.

Mnaotaka kwenda, nendeni asubuhi mapema na msiende siku ya chanjo, foleni inafika nje. Chukueni kadi ya kliniki ya mtoto, na ukimkuta wa mezani anakuuliza barua usiondoke, mwambie unamsubiri mkunga.