Kitabu cha wageni cha video kwenye harusi: tulikilipia wenyewe, kiko hivi

Kwa wasiokijua, ni kamera kwenye stendi, taa ya duara na kiskrini, mgeni anasimama mbele anagusa kitufe, inahesabu tatu mbili moja, anawapa maharusi salamu zake kisha anaenda zake kula. Sisi tulikodi kwa jamaa mmoja hapahapa Dar, laki tatu na nusu kwa usiku mmoja pamoja na dada wa kukisimamia.

Kamati haikutaka hata kusikia. Mwenyekiti wetu, baba mdogo wa mume wangu, alisema hiyo hela iongezwe kwenye vinywaji, mtu wa video si tumeshamlipa jamani? Ana hoja, ila mtu wa video wa harusi zetu kazi yake ni kufuata maharusi, keki, shampeni, foleni ya zawadi, halafu akienda kuedit anapachika muziki juu, wageni unawaona wanatafuna tu, sauti zao huzisikii. Na lile daftari la mlangoni kila mtu anaandika hongereni sana Mungu awabariki, ukisoma la kwanza umesoma yote. Tukatoa mfukoni mwetu, nje ya bajeti ya kamati.

Kilichookoa hela yetu ni kuchelewa, wallahi. Kadi inasema saa 12 jioni, sisi tumeingia ukumbini saa 2 usiku na kitu, na hakuna mgeni anayeshangaa. Hapo katikati watu wamekaa na bitingi zao wanachezea simu, ndo dada akawa anapita meza kwa meza anawaita, na video karibu zote za maana ni za muda huo. Tulivyoingia tu, MC na DJ wakashika ukumbi, kuanzia hapo ni vijana wanaenda kurukaruka mbele ya kamera sebene likiwa juu, midomo inaenda kama samaki na hakuna unachosikia, maana ile kamera inatumia maiki yake yenyewe. Kwa hiyo ulizia maiki ya kushika mkononi, na stendi ya kamera ikae mbali na spika, ikiwezekana nje kabisa pale kwenye korido ya kuingilia.

Halafu muda. Wameiset sekunde 60. Sekunde 60 kwa wazee wetu ni utambulisho! Mjomba wangu: Bwana Yesu asifiwe, kwa jina naitwa fulani, mimi ni mjomba wake bibi harusi, kwanza kabisa napenda kumshukuru Mungu... imezima. Akarudi, akaanza tena kwa jina naitwa. Ikabidi dada aweke dakika 3 na bado mjomba alikatwa kwenye maombi 😂

Ila bibi yangu ndo aliyenifanya niseme hela imelipa. Walimletea kiti wakashusha stendi, akaongea Kimachame mwanzo mwisho, hajatupongeza hata kidogo, anampa mume wangu masharti: ukimchoka usimpige, mrudishe nyumbani, na nauli utoe wewe. Mume wangu ni mtu wa Tanga, alikaa anasubiri nitafsiri, nikamtafsiria nusu.

Kilichoniudhi ni makabidhiano. Wametuma WhatsApp, na WhatsApp ikibana video picha inakuwa ya ukungu, kuwadai zile faili zenyewe ikawa kazi ya kupigiana simu kila siku. Andikishaneni mapema: flashi, faili halisi, kila mgeni faili yake, sio wakuungie moja refu kama la kikao. Na usitegemee ile Google Drive ya bure, ni GB 15 na humohumo zimo email na picha zako, wakati dakika moja ya full HD ya simu inakula kama MB 60 mpaka 130, piga hesabu wageni 100 wa dakika moja moja.

Kuna shosti yangu alikwepa gharama akaweka QR code mezani, mgeni anaskani na kujirekodi kwa simu yake. Kwa vijana sawa, ila bando ni la mgeni na mama wakubwa hawakuhangaika nayo, kaambulia video za mashosti wa chuo peke yao, ambao hata hivyo wangemtumia tu.

Kwangu nyota nne, moja nimeitoa kwa ajili ya flashi. Kama kadi zako nyingi ni za wafanyakazi wenzio na wachangiaji, achana nayo, ongeza soda. Kama kuna wazee wanatoka mkoani, chukua, lakini usilipie usiku mzima, elewana nao waje saa 11 na nusu wafunge virago vyao mkiingia, sisi baada ya hapo hatukupata kitu, na bei hapo lazima ishuke.